Kusimuliana Katuni Nako ni Kusoma

Kijana akionekana na jarida la vibonzo, huambiwa aliweke chini ashike kitabu. Akionekana na wenzake wanne wamelizunguka jarida hilohilo, wanacheka na kubishana ni nani aliyemtapeli mwenzake, hukumu inazidi: hao hawasomi, wanapiga soga. Na yule aliyesimuliwa tu, asiyeigusa hata karatasi, huyo kwenye hesabu ya wasomaji hayumo kabisa. Nimeisikia kauli hii kwa wazazi, kwa walimu, na kwa watu wa mjini wanaolalamika kwamba Mtanzania hasomi. Wanaoisema hawana nia mbaya. Wengi wamejinyima ili watoto wao wasome, na wanaogopa kuona jasho lao likiishia kwenye vichekesho. Kwa heshima yao nataka kuijibu kwa hoja, na nitaijibu kutokea Ruaruke, kwa kuwa huko ndiko ninakoona wazi kuwa si kweli.

Ruaruke ni kata ya Wilaya ya Kibiti, upande ambako nchi kavu inaanza kuinamia delta ya Rufiji na mikoko yake. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita Kibiti mjini, na magazeti yanayobebwa humo hushushwa barabarani; yakitakiwa kufika Ruaruke, sharti apatikane mtu wa kuyaingiza ndani. Mtu haendi Ruaruke kutafuta duka la vitabu. Watu wanalima mpunga, wana minazi na mikorosho, wengine wanavua. Mpunga unapoanza kutoa masuke, familia nzima huweza kuhamia shambani kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, wakikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho Warufiji wamekijenga tangu enzi za mababu. Dunguni kuna saa nyingi sana za kukaa macho.

Nakala moja ya jarida ikiingia katika maisha ya namna hiyo haibaki kuwa ya mtu mmoja. Inaanza kwa aliyeinunua, inakwenda kwa dada yake, inashinda kwa fundi cherehani, inalala kwa kinyozi, inarudi bila jalada. Mwepesi wa kusoma husoma kwa sauti, wengine wanafuata picha kwa macho. Ambaye hakuwepo jioni ile husimuliwa kesho yake, na atakapoipata nakala yenyewe baada ya wiki ataisoma akiwa na ubishi tayari kichwani: aliambiwa yule mzee alilia, sasa yeye anamwona anacheka. Anarudi kwa msimulizi kudai maelezo. Niambie ni msomaji gani wa maktaba kubwa anayefanya zaidi ya hapo.

Tuanze na madai ya kwanza, kwamba picha humfanyia msomaji kazi yote. Mwenye kudai hivyo hajaangalia kwa makini jinsi hadithi ya picha inavyokwenda. Chukua mfano wa kubuni. Kisanduku cha kwanza: mdeni anampa mkono mdai wake mlangoni, wote meno nje. Kisanduku cha pili: mdai yuko peke yake barazani, jua limezama, kikombe cha kahawa kitupu. Katikati ya visanduku hivyo pamepita mambo mengi, na hakuna aliyeyachora. Mdeni ametoroka? Au ameingia ndani kutafuta fedha na fedha hakuna? Msomaji ndiye anayejaza. Scott McCloud, Mmarekani aliyeandika mwaka 1993 kitabu kizima cha katuni kueleza ufundi wa katuni, aliliweka pengo hilo la kati ya visanduku kuwa moyo wa sanaa yote: mchoraji huchora nusu, nusu nyingine huchorwa akilini mwa anayetazama.

Sasa waweke watu watano mbele ya pengo moja. Watalijaza kwa namna tano, na kila mmoja atalazimika kuthibitisha. "Mjomba, huyu hajalipa. Mtazame mkono wa kushoto, bado ameuficha mfukoni." Mjomba anaivuta karatasi, anatazama, anajibu kwamba hata kisanduku cha kwanza mkono ulikuwa mfukoni, kwa hiyo hilo si ushahidi. Hapo pana dai, pana ushahidi uliotolewa kwenye ukurasa, pana pingamizi linalorejea ukurasa uleule. Darasani tunawauliza wanafunzi mwandishi alikuwa na maana gani, nao hukaa kimya wakimsubiri mwalimu aseme jibu ili waliandike. Kwenye kundi la vibonzo hakuna anayesubiri jibu la mkubwa, na hakuna anayekubaliwa kwa sababu ya umri wake tu.

Kusimulia nako kuna ugumu wake, ambao wasiowahi kujaribu huudharau. Hadithi ya maneno matupu unaweza kuirudia kwa maneno yake. Hadithi ya picha huna budi kuigeuza: uso uliochorwa kwa mistari mitatu uuseme kwa mdomo, kimya cha kisanduku kisicho na maandishi ukionyeshe kwa kunyamaza kwa kiasi chake, na wapi ukatize ili aliye mbele yako aitafute nakala mwenyewe. Msimulizi mbaya humwaga mwisho mapema. Msimulizi mzuri hukufikisha mlangoni akakuacha. Nimewaona vijana ambao shuleni walihesabiwa kuwa wazito wakiifanya kazi hii kwa ustadi ambao mwandishi angeutamani, wakichagua nini kitangulie na nini kifichwe. Kama huo si ufahamu wa kusoma, basi mitihani yetu ya ufahamu inapima kitu kingine.

Historia yenyewe ya katuni za Kiswahili haikuanza na msomaji aliyejifungia chumbani. Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa kwa kupokezana na kwa kusomeana. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kuanzia miaka ya 1950 na akaendelea naye kwa miongo kadhaa, wasomaji wakizeeka naye. Kwetu, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Kisha likaja Sani, jarida la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na humo akatokea kijana aitwaye Philip Ndunguru.

Kwa Ndunguru nataka kukaa kidogo, kwa sababu maisha yake yanabeba sehemu kubwa ya hoja yangu. Alizaliwa mwaka 1962, akafariki mwaka 1986. Hakufika hata miaka ishirini na mitano. Katika muda huo mfupi aliwapa Watanzania Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Kwa kawaida mhusika wa katuni hufa na mchoraji wake, maana mstari wa mkono ni kama sauti ya mtu. Hawa hawakufa. Wachoraji wengine, John Kaduma akiwa mmojawapo, waliendelea kuwachora, na wasomaji wakawapokea. Iliwezekana vipi? Jibu langu ni kwamba wakati Ndunguru anaondoka, wahusika wake walikuwa wameshatoka kwenye karatasi. Walikuwa midomoni. Kila mtaa ulikuwa na Lodi Lofa wake, kama ambavyo hadi leo mtoto mtukutu anaweza kuitwa Madenge na watu ambao hawajui kwamba Madenge ni wa Sani. Mchoraji mpya aliyepewa kalamu hakuwa anaanza upya. Aliwakuta wasomaji maelfu wanaomjua Ndumilakuwili vizuri kiasi cha kumsahihisha akikosea. Bila mazungumzo yale ya vijiweni na mabwenini, kalamu ya Ndunguru ingezikwa naye.

Tuukumbuke pia wakati wenyewe. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa mwaka 1967 karibu thuluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1986, baada ya kampeni za elimu ya watu wazima, walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Palizaliwa wasomaji wapya kwa mamilioni, na miaka hiyohiyo ya 1980 nchi ikawa haina fedha za kigeni, karatasi ikawa adimu. Wasomaji wengi, karatasi chache. Kilichoziba pengo ni kupokezana. Mzee aliyejifunza herufi ukubwani, aliyekuwa akipambana na sentensi ndefu za kitabu cha kilimo, alikuta kwenye kibonzo maneno machache yaliyoshikwa mkono na picha, tena pembeni yake yupo mjukuu wa kumsaidia pale aliposhindwa. Kumwambia mtu huyo kwamba hakuwa anasoma ni kumnyang'anya kitu alichokipata kwa taabu.

Wapo watakaosema: sawa, lakini madhara je? Mtoto aliyezoea picha hatakitaka tena kitabu, na vibonzo vina matusi. Hofu hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1954 Marekani, daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinazalisha wahalifu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao vya kuwahoji wachapishaji, nao kwa woga wakajiwekea kanuni kali, na majarida mengi yakafa. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alichapisha alichokikuta kwenye makabrasha ya Wertham mwenyewe: daktari alikuwa amegeuza na kupindisha habari za watoto aliowahoji ili zilingane na dai lake. Hasira ya nchi nzima ilijengwa juu ya ushahidi uliochezewa. Na mwaka 1992, katika nchi hiyohiyo, Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa Maus, hadithi ya picha kuhusu baba yake aliyenusurika mauaji ya Wayahudi. Hakuna aliyeisoma akasema ni mambo ya kitoto.

Hata hivyo, kwenye suala la matusi siwezi kuwatetea wachoraji wetu wote. Majarida ya vichekesho nchini yamewahi kujaa wanawake waliochorwa makalio bila uso, walemavu waliofanywa kichekesho, na watu wa makabila fulani, Warufiji na majirani zetu wa kusini tukiwemo, waliochorwa kama washamba wasiojua kitu. Kumnyang'anya kijana jarida la namna hiyo hakuondoi kilichokwishaingia kichwani. Kinachokiondoa ni mtu wa kuuliza. Kundi lenye wasichana ndani yake halisomi kibonzo cha namna hiyo kwa utulivu. Dada mmoja akiuliza mbona mwanamke huyu hana jina wakati wanaume watatu wote wana majina, kibonzo kile hakirudi kuwa kilivyokuwa, na wavulana waliocheka wanalazimika kueleza walichokicheka. Anayesoma peke yake gizani ndiye wa kuogopewa, maana hana wa kumuuliza. Kwa hiyo nawaomba wazazi wanaowakataza mabinti kukaa kwenye makundi haya wafikirie upya. Kuwaondoa kunayaacha makundi bila macho wanayoyahitaji kuliko yote.

Hoja ya wachapishaji ni nyingine, na ni ngumu zaidi. Wanasema kuazimana ndiko kulikoua majarida: nakala moja kwa watu ishirini ni wateja kumi na tisa waliopotea. Hesabu hiyo inadhani kwamba wale kumi na tisa wangenunua. Kijana wa Ruaruke asiye na nauli ya kufika Kibiti hakuwa mteja aliyepotea, hakuwa mteja. Aliyemwazima ndiye aliyemfanya awe mtu ambaye siku akipata fedha atajua cha kuulizia kwenye meza ya magazeti. Tazama Japani baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu walikuwa maskini, vitabu vya katuni vikakodishwa kwenye vibanda vya mitaani kwa sarafu ndogo, na kulikuwa na wachoraji waliochora mahsusi kwa ajili ya vibanda hivyo. Shigeru Mizuki, aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi hiyo, alipitia huko. Watoto wa vibanda vile ndio waliokua wakawa wanunuzi, na katikati ya miaka ya 1990 jarida moja tu, Shonen Jump, likafikia nakala zaidi ya milioni sita na nusu kwa wiki. Kuazima hakukuua soko lile. Ndiko kulikolilea.

Simu ndiyo imebadilisha mambo, na hapa nawaunga mkono wachoraji. Kupiga picha ukurasa mmoja na kuurusha kwenye grupu ili watu waujadili ni mwendelezo wa baraza. Kuskani toleo zima na kulimwaga kwa watu mia mbili siku lilipotoka ni kumnyima mchoraji chakula chake. Tofauti yake ni kwamba nakala ya karatasi ikiwa kwako haipo kwangu, na siku ikichakaa lazima mmoja wetu anunue nyingine. Faili la simu halichakai. Vijana wanaopenda kazi hizi wanaweza kuchanga. Watu kumi wakichanga bei ya toleo moja hakuna anayeumia, mchoraji amelipwa, na jarida bado litazunguka kijiji kizima.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa, ya kugawa bure. Shirika la Femina Hip lilitoa Si Mchezo!, jarida lililowalenga vijana wa vijijini waliokwisha toka shule, lenye hadithi za picha ndani yake. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010, ikaingia Tanzania nayo. Zimefanya kazi kubwa na nazishukuru: vijana waliokuwa hawana kitu cha kusoma walikipata, kwa lugha yao, tena kuhusu kilimo, ujauzito, biashara ndogondogo. Lakini jarida linalolipiwa na mfadhili lazima lifundishe, na msomaji mjanja hulitambua somo kabla hajafika ukurasa wa pili. Anajua yule mvulana mzembe ataumwa na yule msichana makini atafaulu. Ubishi unakufa hapo, kwa sababu hakuna pengo la kujaza. Ndunguru hakumwambia mtu afikiri nini juu ya Ndumilakuwili. James Gayo, aliyemleta Kingo miaka ya 1990, alimpa msomaji mtu wa kawaida wa mtaani na kumwachia acheke mwenyewe. Tunahitaji zaidi ya aina hiyo, hadithi ambazo watu wazima wawili wenye akili timamu wanaweza kuzisoma wakatoka na hukumu mbili.

Limebaki dai kwamba vijana wa sasa hawasomi vya kwetu, wanasoma vya Kijapani kwenye simu. Ni kweli wanasoma Naruto na One Piece, wengi wao kwa Kiingereza cha kubahatisha. Lakini wakikutana kusimuliana, wanasimuliana kwa Kiswahili, na humo ndimo hadithi inapovuka. Hili si jipya kwetu. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi watu wakawa wanamfuata yeye kuliko filamu. Joshua Amandus Mtani aliichora Titanic kwa Kiswahili, mapenzi na maji vyote vikawa vyetu. Na Abunuwasi je? Mshairi Abu Nuwas aliishi Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Leo hakuna bibi wa pwani asiyemjua, na hakuna anayemwona kuwa mgeni. Mwaka 1996 Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alimchora katika kitabu cha hadithi za picha kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Mgeni alisimuliwa barazani kwa vizazi vingi mpaka akawa mwenyeji, kisha mwenyeji akachorwa. Kijana anayemsimulia mwenzake sura mpya ya One Piece juu ya dungu yuko mwanzoni mwa njia hiyohiyo. Mimi ningemuuliza swali moja tu: wewe ukichora maharamia, kwa nini wasipite kwenye mikono ya Rufiji, ambako mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha hadi ikaangamizwa mwaka uliofuata? Anayo delta yenye kisa cha kweli mlangoni kwake, na anao tayari watu wa kumwambia wapi amekosea.

Maktaba na shule nazo zina nafasi yake: Bodi ya Huduma za Maktaba iko tangu mwaka 1963, na shule za kata zina makabati ya vitabu. Sioni sababu ya kabati la shule ya sekondari kukosa majarida ya vibonzo yaliyojalidiwa, wala sababu ya mwalimu wa Kiswahili kutotenga kipindi kimoja cha kubishana juu ya ukurasa mmoja. Hakihitaji bajeti. Kinahitaji mwalimu aliye tayari kusema "nionyeshe" badala ya "sivyo".

Nina ombi pia kwa watu wa Ruaruke na kata jirani ambao kwenye masanduku yao bado kuna majarida ya zamani ya Sani, Kingo au Bantu. Karatasi zile zilikuwa dhaifu tangu zilipotoka kiwandani, na unyevu wa huku pamoja na mchwa havina huruma. Msizifungie vitumbua. Zifungeni kwenye nailoni, andikeni pembeni namba ya toleo na mwaka kama bado vinasomeka, kisha waazimeni vijana moja moja, kwa jina na kwa tarehe ya kurudisha, na wanaporudisha waulizeni nani alimshinda nani na wamejuaje.